Picha ya Askari wa Keya

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Lindi, hukosi kuona picha moja ya zamani iliyotundikwa juu kuliko nyingine zote. Ni picha ya kijana aliyesimama wima, kofia pana kichwani, vifungo vya koti vikimeta, na kifuani, upande wa kushoto, tepe zimepangwa sawasawa kama mistari ya ubao wa chuoni. Ukiuliza ni nani, huambiwa, "Huyo ni babu, alikuwa Keya." Ukizidi kuuliza, babu yupi, wa kuumeni au wa kukeni, alipigana nchi gani, na alirudi mwaka gani, mara nyingi maneno hukatika hapo, na mwenyeji huagiza kahawa.

Keya ni jina walilolifanya wazee wetu kutokana na herufi tatu, K, A na R, za jeshi la King's African Rifles, ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Pili, vilivyoanza 1939 vikaisha 1945, Waafrika wa Afrika ya Mashariki walioingia katika Keya na katika vikosi vingine vya Mwingereza walizidi 250,000, na Waislamu miongoni mwao hawakuwa haba. Walipigana na Mtaliani Somalia na Habeshi, wakavuka bahari mwaka 1942 kwenda Madagascar, kisha wakapelekwa Ceylon, na kutoka huko wakaingia katika misitu ya Burma kupigana na Mjapani. Vita vile havikuwa vyetu, na malipo yake hayakuwa sawa. Wazungu waliopigana walitengenezewa mpango wa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mzee wetu alirudi na nyota za shaba. Walakini alikwenda, akaona, akarudi au asirudi, na hiyo ni sehemu ya tarikhi ya nyumba zetu, si ya nyumba ya mfalme peke yake.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, khususan vijana, jinsi picha ya namna hiyo inavyosomeka, na kisa kimoja kilichotufikia kwa sababu ya kuisoma. Hitilafu ya wanavyuoni juu ya kutundika picha nyumbani hatuigusi hapa. Ina mlango wake, na huu si mlango wake.

Sisi tulijifunza mambo haya utotoni kwa mzee mmoja jirani yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kila siku ya Idi alikuwa akizitoa nishani zake katika mkebe wa biskuti, akizisugua kwa majivu na ndimu, na kutusomesha tepe zake moja moja kama tulivyosomeshwa alifu na bee. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wetu wa chuo. Ukiita ya Burma kuwa ni ya Afrika, siku hiyo hupati halua.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba mkebe hauna ulimi. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza, vya 1914 mpaka 1918, Mwingereza alizichora ukingoni namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Lakini nishani alizozigawa kwa vita vya pili, kwa kawaida alizitoa tupu, bila ya jina. Nyota zote ni sura moja: pembe sita, shaba ya manjano, katikati herufi za Mfalme George wa Sita, na jina la nyota limezunguka herufi hizo. Ukiokota nyota kama hiyo njiani, umeokota shaba, mwenyewe humjui. Isipokuwa nishani za ushujaa, kama ile iitwayo Military Medal, ambayo utepe wake ni wa buluu ya kiza na katikati una mistari mitatu myeupe na miwili myekundu. Hiyo ni ya fedha, iliandikwa jina ukingoni, na jina la aliyepewa lilitangazwa katika gazeti la serikali huko London. Nishani hizi nyingine zilizo tupu huuzwa, huibiwa, hurithiwa, na watoto huzichezea wakazichanganya. Kwa hivyo mtu asiseme, "Hizi zimo katika mkebe wa babu, basi ni za babu." Huenda zikawa ni zake, na huenda zikawa ni za ndugu yake.

Picha ina nguvu zaidi, kwa sababu katika picha nishani zimo mwilini mwa mtu. Tepe huvaliwa kushoto, nazo zina daraja zake zisizobadilika: inayoanza ni ile iliyo karibu na vifungo vya koti, kisha huendelea kuelekea mkono wa kushoto wa mwenyewe. Kwa askari wetu inayotangulia mara nyingi ni Nyota ya 1939 mpaka 1945, yenye mistari mitatu mipana iliyo sawa: buluu ya kiza, nyekundu, na buluu ya mbingu, yaani wana-maji, wana-nchi na wana-hewa. Baada yake huja Nyota ya Afrika, rangi ya mchanga wa jangwani, katikati mstari mwekundu mpana, na pembeni mistari miwili myembamba, mmoja wa kiza na mmoja mweupekweupe. Kisha Nyota ya Burma: katikati nyekundu pana, ubavuni buluu huku na huku, na ndani ya kila buluu umepita mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Baada ya nyota hizo hufuata nishani mbili za mviringo, ile ya Ulinzi na ile ya Vita, ambazo si za shaba bali ni nyeupe kama fedha.

Msomaji atauliza: picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, rangi zitajulikanaje? Swali hili ni zuri, na wengi wamepotea hapa. Filamu nyingine za zamani zilikuwa haziioni rangi nyekundu, zikaifanya nyeusi kama mkaa, na buluu zikaifanya nyeupe. Nyingine zilikuwa na jicho jingine. Basi anayetegemea weusi na weupe hujidanganya. Lililo thabiti ni hesabu ya mistari, upana wake na mahali pake. Mistari mitatu iliyo sawa haigeuki ikawa mmoja mpana na miwili myembamba, hata filamu iwe mbovu namna gani.

La mwisho, na ndilo lililo kubwa katika kisa chetu: kila utepe una siku yake ya kuzaliwa. Nyota ya Afrika na ile iliyotangulia zilianzishwa mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, na askari wakapewa tepe zake washone, nyota zenyewe zikaja baada ya vita. Nyota ya Burma ilianzishwa Mei 1945. Nishani ya Vita ilianzishwa Agosti mwaka huo huo. Mtu aliyeshonewa utepe wa Burma kifuani, hapana shaka alikuwa hai mwaka 1945.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2023 alitujia kijana mmoja tuliyemsomesha Kurani alipokuwa mdogo, ambaye leo ni mtu mzima mwenye kazi na watoto. Alikuwa akitengeneza shajara ya ukoo wao ili aipige chapa na kuwagawia jamaa walioko Tanga, Kwale na Maskati. Juu ya shajara hiyo alitaka kuweka picha ya baba mzazi wa bibi yake, askari aliyezama baharini katika vita. Alitaka tumwandikie jina kwa khati ya Kiarabu chini ya picha, na dua ya shahidi.

Habari ya ukoo ule tulikuwa tukiijua kidogo. Walikuwa ndugu wawili wa kijiji kimoja kusini mwa Mombasa, wote wawili wakaandikwa jeshi. Mkubwa alikuwa katika kikosi cha mizinga, naye alikuwa na mke na binti wa mwaka mmoja na kitu. Mdogo alikuwa Keya wa bunduki, aliyetoka Habeshi akaenda Ceylon na Burma. Mkubwa akafa maji. Mjane alipokwisha eda yake alikaa na wazazi, na baadaye akaolewa Tanga, akahama na binti yake na vyombo vyake, na picha ikiwemo. Binti huyo ndiye bibi wa kijana wetu, mwenye miaka 81 siku tulipoletewa habari hii.

Tukamwambia kijana aitoe picha katika kioo na kuipiga kwa simu yake mchana, penye mwanga wa dirisha, uso kwanza, kisha kifua peke yake, kisha mabega, kisha nyuma ya karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu ila muhuri uliofutika. Mkononi mlikuwa na alama tatu za sajini. Begani zilisomeka herufi za Keya, K, A na R. Hilo lilitugutusha, kwani marehemu alikuwa mtu wa mizinga. Lakini askari huhamishwa kikosi, na herufi za begani peke yake si hoja ya kumtoa mtu nyumbani kwake. Tukaangalia vifungo, koti limefungwa upande upi, tusije tukawa na picha iliyosafishwa kinyume, kushoto ikawa kulia. Ilikuwa sawa. Ndipo tukazihesabu tepe.

Zilikuwa nne. Ya kwanza mistari mitatu iliyo sawa. Ya pili nyeupe, katikati kiza, na mistari miwili myembamba pembeni. Ya nne imefunikwa nusu. Na ya tatu, katikati pana, na huku na huku mstari mmoja mwembamba ndani ya kiza. Tuliitazama kwa miwani, tukaitazama bila ya miwani, tukampa mtoto mwenye macho mazuri ahesabu naye hajui tunachotafuta. Tukajiuliza kama yawezekana kuwa ni Nyota ya Italia; hiyo ina mistari mitano iliyo sawa, na hii haikuwa nayo. Ilikuwa ni Burma.

Mkubwa alikufa lini? Hapa hapana haja ya kukisia, kwani merikebu ile ina tarikhi yake. Iliitwa Khedive Ismail, kwa jina la mtawala wa Misri wa miaka ya 1863 mpaka 1879, na mwanzo wa Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa pamoja na merikebu nyingine kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511: askari wetu wa kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika ya Mashariki, wana-maji, na wauguzi wanawake. Jumamosi tarehe 12 Februari, yaani katikati ya Mfungo Tano mwaka 1363 wa Hijra, baada ya adhuhuri, karibu na visiwa vya Maldives ambavyo watu wake ni Waislamu, sabmarini ya Mjapani iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda usiotimia dakika tatu. Wengi walikuwa chini, ndani ya tumbo la merikebu. Wako walioruka majini, na sabmarini ikajificha chini ya maji karibu nao, na manowari za Kiingereza zikatupa mabomu ya maji kuitafuta, na wale waliokuwa wakielea wakiwa hapo hapo. Sabmarini nayo ilizamishwa siku hiyo. Waliokufa katika merikebu walikuwa 1,297. Askari wa Kiafrika waliopotea humo majina yao yameandikwa katika Kumbukumbu ya Afrika ya Mashariki, iliyomo katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na daftari lake siku hizi hutazamwa hata kwa simu. Kijana wetu alitafuta mbele yetu akamkuta: jina lake, namba yake, kikosi chake cha mizinga, na tarehe ile ile.

Basi aliyekufa Februari 1944 hawezi kuvaa utepe uliozaliwa Mei 1945, wala hakuiona Burma. Yule kifuani mwa picha alikuwa ni ndugu mdogo, aliyerudi salama. Bibi wa watu alikuwa amekaa miaka zaidi ya sabini akimsalimu ami yake kwa jina la baba yake.

Kijana aliinama kitambo. Kisha akasema, "Maalim, tuyaache. Bibi ana miaka 81, ana presha. Tukimwambia tutampa nini? Tutamnyang'anya tu."

Hatukuyadharau maneno yake. Si kila kweli ni wajibu kusemwa kila mahali, na kumsitiri mzee ni ibada. Lau bibi yule angekuwa na picha yake ukutani na jambo likaishia ukutani, huenda nasi tungefunga mdomo, na hatudhani kuwa tungepata dhambi. Lakini shajara si ukuta. Shajara ni ushahidi wa maandishi, watapewa watu wa nchi tatu, na watoto wasiozaliwa bado wataambiwa, "Huyu ndiye." Kurani imetuamrisha katika sura ya Hujurati tuipeleleze habari kabla ya kuieneza, na katika sura ya Ahzabu imetuamrisha kuwaita watu kwa baba zao. Mtu akiandika asilolijua ana udhuru wake. Sisi tulikwisha kulijua, na kalamu ilikuwa mkononi mwetu.

Kulikuwa na haki ya mtu mwingine pia, ambayo kijana hakuifikiri. Ami yule, aliyelala Habeshi na kuugua malaria katika bonde la Kabaw, ambako mwaka 1944 kikosi chao kilisonga mbele katika mvua na matope mpaka mto Chindwin, naye ana wajukuu. Tulimwuliza kijana, "Wale wa Kwale wana picha ya babu yao?" Akasema hakuwahi kuiona. Wamerithi mkebe wa nyota tatu zisizo na jina, na uso wa babu yao uko Tanga, umeandikwa jina la mtu mwingine. Maiti hawezi kudai. Kwa sababu hiyo hasa ndipo haki yake inapokuwa nzito.

Tulikubaliana kuwa aambiwe kabla ya jambo lo lote kupigwa chapa, na aambiwe na mjukuu wake, sisi tukiwapo. Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Tulimwamkia, akatuitikia, akamtazama mjukuu wake, akatutazama sisi, akasema, "Mwanangu Maalim, mmekuja wawili na hamna kicheko. Nani amekufa?"

Tukamwambia, "Hapana aliyekufa, Bi Mkubwa. Tumekuja kwa habari ya picha."

Kijana alieleza kama tulivyomwelekeza, tangu tepe ya kwanza mpaka ya tatu, bila ya haraka na bila ya kuomba radhi kwa yale yasiyokuwa kosa lake. Alimwonyesha kwenye simu utepe wa Burma katika rangi zake, kisha akamwonyesha ule wa picha. Bibi hakulia. Alikaa kimya muda ambao mtu huweza kusoma Yasini nusu yake, akitazama kiti kimoja cha kamba kilichokuwa chini ya ile picha, si picha yenyewe.

Kisha akasema, "Ami alikuwa akija kila mwaka baada ya mfungo. Akija hukaa kiti kile, ameipa picha mgongo. Mama humwambia, 'Shemeji, sogea huku penye upepo,' naye husema, 'Hapa panatosha.' Mimi nikidhani hawezi kumtazama ndugu yake. Kumbe alikuwa hawezi kunitazama mimi ninavyomtazama yeye."

Tukamwuliza ni nani aliyemwambia kwanza kwamba yule ni baba yake. Akafikiri, akasema hakuna. Ami alimletea mama yake picha ile aliporudi kutoka vitani, yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Aliona nyumbani picha ya askari, na baba yake alikuwa askari. Asubuhi moja aliiamkia, "Shikamoo baba," na mama yake akageuza uso wala asiseme neno. Baadaye wakaja Tanga, ambako hapana aliyewajua ndugu wale wawili, na neno likakaa.

Wasomaji watatuuliza hukumu ya mama yule na ya ami yule. Sisi hatuwezi kumlaumu mjane aliyeshindwa kumrudi mtoto yatima asubuhi moja, akashindwa na ya pili, mpaka ikawa miaka. Ama ami, tunamhesabia jambo moja kubwa: katika nikaha ya binti yule ndiye aliyekuwa walii, naye alimtaja mbele ya mashahidi kuwa ni binti wa ndugu yake, kwa jina lake kamili. Nasaba hakuigusa. Alichokitoa ni uso wake tu, na alikitoa kwa mtoto ambaye hakuwa na uso wa baba wa kuukumbuka. Kuna sadaka za namna nyingi, na hii hatukuisoma kitabuni.

Bibi alitaka kujua habari ya merikebu. Kwao walikuwa wakisema "alikufa maji" tu, basi. Tulimweleza yote, na dakika tatu zile hatukuzificha. Akauliza, "Aliwahi kupiga shahada?" Tukamwambia kwamba shahada haitaki hata robo ya dakika, na kwamba katika hadithi iliyo sahihi mwenye kufa kwa kuzama amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Akauliza kama aliswaliwa, hali ya kuwa hakuonekana maiti wala kaburi. Tukamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alimswalia Najashi wa Habeshi, naye yuko mbali, na madhehebu yetu ya Kishafii yanakubali. Hapo akainua kichwa akasema kwamba alisikia kwa mama yake kuwa msikiti wa kijijini kwao ulijaa siku ilipofika habari, na imamu aliswalisha sala ya ghaibu. Alikuwa amelisahau neno hilo, au hakuwa na pa kuliweka.

Mjukuu alitaka kuiteremsha picha. Bibi akamzuia. "Ami yangu amenilea kwa picha hiyo. Atatolewa kwa lipi?" Alichotaka ni jina libadilishwe. Tuliliandika siku ile ile nyuma ya karatasi kwa khati, jina la ami na la baba yake, na chini yake miaka ya Habeshi na ya Burma. Katika shajara, penye jina la baba yake, aliamuru pasiwekwe picha yo yote. Kijana aliona patakuwa patupu mno, akapendekeza achore meli. Bibi akakataa, akasema paandikwe kikosi cha 301, tarehe 12 Februari 1944, na palipozama. Ndivyo ilivyopigwa chapa.

Mwezi uliofuata tulifuatana na kijana mpaka Kwale, tumechukua nakala mbili za picha zilizosafishwa vizuri. Kitindamimba wa ami, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, alizipokea kwa mikono miwili. Kwanza alitazama uso muda mrefu, akasema kuwa masikio yale ameyaona kwa mwanawe. Kisha akauingiza mkono chini ya kitanda akatoa mkebe wa nyota tatu, akaziweka juu ya mkeka mbele yetu, akatuomba tumwonyeshe katika picha ni ipi iliyo ya Burma. Tukaweka kidole juu ya ile ya tatu.